Jasho la usiku kwa mwanamke kijana: lini ni joto la Dar, na lini ni dalili ya ugonjwa

Kuanzia Desemba hadi Machi, mtu kulowa jasho usiku Dar es Salaam si jambo la kumshangaza yeyote. Usiku wenyewe hukaa kwenye nyuzi joto 25 hivi, unyevu wa bahari umetanda, umeme ukikatika feni inasimama, na chumba cha Mbagala chenye bati juu na dirisha moja dogo hubaki na joto la mchana mpaka alfajiri. Kwa hiyo binti wa miaka 24 akilalamika kwamba analowa jasho usiku, majibu anayapata haraka. Nyumbani anaambiwa ni hali ya hewa. Akilalamika tena, ni homoni. Akienda zahanati anaandikiwa malaria na UTI. Akirudi bila nafuu, shangazi anamvuta pembeni kumweleza habari za jini mahaba.

Hali ya hewa, homoni, malaria na UTI vyote vinaweza kuwa kweli. Kinachoniumiza ni kwamba majibu hayo hutolewa kabla ya kuuliza maswali. Jasho lenyewe halisemi mengi, kwa sababu magonjwa mengi yasiyofanana huishia kwenye jasho hilohilo. Yanayosema ni mambo yanayoambatana nalo: homa ya jioni, uzito, hedhi, uvimbe shingoni, mapigo ya moyo, dawa unazotumia. Mwanamke anayeyajua mambo hayo huweza kumsaidia daktari kufika kwenye jibu mapema.

Jasho gani tunalizungumzia

Daktari anapouliza kuhusu jasho la usiku hamaanishi shingo kulowa kidogo. Anataka kujua kama uliamka ukalazimika kubadili nguo au shuka, na kama hali hiyo hutokea hata chumba kikiwa na ubaridi. Kwa mkazi wa Dar, njia nyepesi ya kujua ni kujilinganisha. Mnaolala chumba kimoja, mwenzako naye yukoje? Jaribu usiku mbili tatu kulala karibu na dirisha, kwa kanga ya pamba badala ya gauni la kulalia la kitambaa kinachoteleza. Godoro la sponji hutunza joto, na zaidi kama bado halijavuliwa nailoni lililonunuliwa nalo. Pombe ya jioni nayo hupanua mishipa ya ngozi na kuleta jasho saa chache baadaye. Chandarua hupunguza upepo, ni kweli, lakini usikitoe. Afadhali jasho kuliko mbu.

Kama jasho limekwisha kwa mabadiliko hayo, umepata jibu bila kutoa shilingi. Kama linaendelea, au kama unalowesha shuka mwezi Julai wakati usiku wa Dar umeshuka hadi nyuzi 18 au 20, hali ya hewa iondoe kwenye orodha.

Niseme mapema ili mtu asipate hofu bure: jasho la usiku ni jambo la kawaida sana. Mwaka 2002 nchini Marekani ulichapishwa utafiti uliowauliza wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kliniki za kawaida, na asilimia 41 walisema walilipata katika mwezi uliotangulia. Wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa kutisha.

Mwili unavyolitengeneza

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayopanga joto ambalo mwili unapaswa kuwa nalo. Joto likizidi kiwango hicho, inafungua tezi za jasho. Vitu vinne vinaweza kuivuruga, na karibu kila sababu nitakayoitaja inaangukia kwenye kimojawapo.

Maambukizi hupandisha kiwango chenyewe. Unatetemeka kwa baridi kwa sababu ubongo umeamua nyuzi 39 ndiyo sawa. Kiwango kikirudi chini, mwili unalazimika kumwaga joto lote la ziada, nalo linatoka kama jasho. Hapo ndipo usiku unapoingia: joto la mwili wa kila mtu hupanda jioni na kushuka usiku wa manane hadi alfajiri. Homa iliyopanda jioni inakuja kuvunjika ukiwa usingizini. Kitu cha pili ni upungufu wa estrojeni, homoni ya kike, unaoufanya ubongo usivumilie hata ongezeko dogo la joto. Cha tatu ni mwili kuzalisha joto kupita kiasi, kama inavyotokea tezi ya thairoidi ikifanya kazi kupindukia. Cha nne ni mishipa ya fahamu kuamsha jasho bila joto lolote kuongezeka: sukari ikishuka, hofu ikija, au dawa fulani ikiwa mwilini.

Na hapa kuna mtego ambao nauona mara nyingi. Mtu anasikia mwili mzito saa mbili usiku, anameza Panadol mbili, analala. Saa sita amelowa. Lile jasho ni dawa imeshusha homa. Asubuhi akipimwa joto ni la kawaida, anaambiwa hana homa. Kipimajoto kinapatikana duka la dawa. Jipime jioni kabla ya kumeza kitu chochote, uandike.

Malaria, na yaliyojificha nyuma yake

Malaria hufuata mpangilio ambao wengi tunaujua: baridi, homa, jasho, nafuu ya muda, kisha mzunguko tena. Ni ugonjwa wa siku chache. Jasho la mwezi mzima kwa mtu anayekwenda kazini kila siku halifanani na malaria.

Zaidi ya hapo, maambukizi ya malaria Dar es Salaam ni madogo kuliko mikoa kama Kigoma, Geita au Mtwara. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu watoto 1,005 waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa, takriban mmoja tu kati ya kumi alikuwa na malaria. Hao walikuwa watoto, lakini somo linatuhusu wote: homa si malaria mpaka kipimo kiseme.

Hata kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kina jambo la kulijua. Kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya wewe kupona. Ukimaliza dozi ya dawa mseto, ukapimwa tena baada ya wiki mbili, kinaweza kuonyesha bado "una wadudu" wakati vimelea wameshakufa. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyopewa malaria ya pili na ya tatu huku ugonjwa halisi ukiendelea kukomaa. Omba damu iangaliwe kwa darubini. Kipimo cha Widal cha taifodi nacho kina udhaifu wake: huonyesha dalili za taifodi kwa watu wengi wasiokuwa nayo.

UTI inayoleta jasho la kulowesha si ile ya kuwashwa na kukojoa mara kwa mara peke yake. Ni ile iliyopanda hadi kwenye figo, yenye homa kali, maumivu ya kiuno upande mmoja na kutapika. Hiyo inahitaji matibabu siku hiyohiyo.

Kifua kikuu kisichokohoa

Hapa nataka tukae, kwa sababu ndipo makosa yanapogharimu zaidi.

Tanzania ni moja ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Dalili nne zinazoulizwa kituoni ni kikohozi, homa, kupungua uzito na jasho la usiku. Watu wengi wameshika ya kwanza tu. Binti asiyekohoa anajiondoa mwenyewe kwenye hesabu, na wakati mwingine mhudumu naye anamwondoa.

Lakini bakteria wa TB, yaani kifua kikuu, huishi popote mwilini. Anaweza kukaa kwenye tezi za shingo zikavimba taratibu bila maumivu makali, kwenye utando wa mapafu, kwenye uti wa mgongo, tumboni. Kwa wanawake kuna TB ya mji wa mimba na mirija, ambayo huweza kuleta maumivu ya chini ya kitovu, hedhi kuvurugika na kushindwa kushika mimba, kifua kikiwa kizima kabisa. Makohozi ya mtu kama huyo hayataonyesha kitu. Anahitaji picha ya eksirei, ultrasaundi, na mara nyingine kuchukuliwa kinyama au maji kutoka sehemu yenye tatizo.

Kwa anayekohoa, jambo ni jepesi zaidi. Makohozi yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert, majibu hutoka ndani ya saa mbili hivi, pamoja na taarifa kama bakteria hao ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Katika vituo vya umma, kupimwa na kutibiwa TB ni bure. Nchini mwetu hata panya buku, waliofundishwa Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wamekuwa wakinusa makohozi na kugundua wagonjwa ambao darubini iliwapita. Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria huyu mwaka 1882, alikuja kufanya kazi Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, akichunguza malaria. Magonjwa yote mawili bado tunayo.

TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na inapona. Jambo moja ambalo mwanamke kijana anapaswa kuambiwa siku ya kwanza, na mara nyingi haambiwi: rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya majira na za kijiti. Muulize mhudumu kuhusu njia nyingine ya uzazi wa mpango kabla hujaanza dozi.

TB na VVU mara nyingi hutembea pamoja, kwa hiyo kipimo cha VVU kiende sambamba. VVU vyenyewe pia huleta jasho: wiki mbili hadi nne baada ya maambukizi, mtu anaweza kupata homa, koo kuuma, vipele, tezi kuvimba na jasho la usiku, yakaondoka yenyewe akadhani yalikuwa mafua. Wakati huo vipimo vya kawaida vinaweza kuwa bado havioni kitu. Kama ulikuwa kwenye hatari karibuni, rudia baadaye.

Maambukizi mawili mengine nayataja kwa ufupi. Brusela hupatikana kwa maziwa yasiyochemshwa; homa yake huja na kuondoka kwa wiki nyingi, viungo na mgongo vikiuma, na jasho lake ni jingi kweli. Kama unanunua maziwa mabichi mtaani au ulikuwa kwa wafugaji, mwambie daktari. La pili ni maambukizi ya vali za moyo, hasa kwa aliyeumwa homa ya baridi yabisi utotoni. Jasho, homa ndogondogo na kuishiwa pumzi kwa mtu mwenye moyo ulioathirika ni sababu ya kufika hospitali ya rufaa haraka.

Homoni, kwa maana yake halisi

Neno hili limekuwa kapu la kila kitu, kwa hiyo tulifungue.

Baada ya yai kupevuka, projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, na siku chache kabla ya hedhi homoni hushuka ghafla. Jasho linalokuja siku zilezile kila mwezi na kukoma hedhi ikianza halihitaji vipimo vingi. Mimba changa nayo huongeza joto. UPT, kipimo cha mimba cha mkojo, kwanza, kabla ya mengine yote.

Baada ya kujifungua estrojeni huanguka, na mwili unatoa maji yaliyojikusanya wakati wa ujauzito. Jasho la wiki za kwanza ni la kawaida. Kwetu Pwani mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anafunikwa, anapewa uji wa pilipili manga. Hayo yote yanaongeza jasho, na bibi hana kosa kwa hilo. Kosa ni kuliita jasho la uzazi wakati kipimajoto kinasoma 38 au zaidi, au kuna uchafu wenye harufu mbaya, au ziwa limekuwa jekundu na gumu. Homa ndani ya arobaini haingoji kesho.

Kuna pia ovari kupunguza kazi mapema, kabla ya miaka 40. Kwa muda mrefu makadirio yalikuwa mwanamke mmoja kati ya mia, na makadirio mapya ni makubwa zaidi. Hedhi huwa chache au hukoma kwa miezi, joto humpanda ghafla kifuani na usoni, jasho humwamsha usiku, uke unakuwa mkavu. Kwa mwenye sindano ya uzazi wa mpango ni vigumu kutambua, kwa kuwa sindano nayo hukatisha hedhi. Kipimo cha damu cha homoni ya FSH ndicho kinachofungua njia. Wengi huficha jambo hili kwa kuogopa kuitwa tasa, na ukimya huo una madhara: bila estrojeni mifupa na moyo hudhoofika, wakati tiba ya homoni mpaka kwenye miaka 50 hivi ingewakinga. Na si kweli kwamba mlango wa uzazi umefungwa moja kwa moja. Wachache hushika mimba wenyewe hata baada ya kugunduliwa.

Tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo, huwasumbua wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume. Ikizidisha kazi, unakula vizuri na bado unakonda, moyo unakwenda mbio hata umekaa, vidole vinatetemeka, choo kinakuwa cha mara kwa mara, joto hulivumilii mchana wala usiku. Ndugu wanaona tu kwamba umekuwa mkali siku hizi. Inaweza kujitokeza pia ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Kipimo cha damu cha TSH kinatosha kuanzia, na tiba ipo.

Dawa, sukari na mawazo

Dawa za sonona kama fluoksetini, setralini na amitriptilini huleta jasho kwa watumiaji kadhaa. Usiziache ghafla, mweleze aliyekuandikia. Tramadoli, dawa ya maumivu, nayo imo, ukiitumia na hata ukiiacha. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, kuamka umelowa, umeota ndoto mbaya na kichwa kinauma ni ishara ya sukari kushuka usiku: ipime saa tisa usiku. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kunywa kitu chenye sukari papo hapo, kisha dozi ipangwe upya kliniki.

Mkorogo pia, naomba ulitaje kwa daktari bila aibu. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi huwa na steroidi kali au zebaki, na sumu ya zebaki huleta jasho, kutetemeka mikono na kukosa usingizi. Vidonge vya kunenepa visivyo na maelezo ya kilichomo viende navyo kliniki, vyote.

Hofu inatoa jasho la kweli. Dada anayedaiwa mikopo ya kausha damu, au anayelala na mtu anayempiga, anaweza kuamka moyo unadunda, amelowa, hawezi kupumua vizuri. Wengine hukabwa na jinamizi: akili imeamka, mwili bado haujajiachia kutoka usingizini, na kifuani pana uzito kama wa mtu. Hapo ndipo habari za jini mahaba huingia. Anayeamini na aombewe au asomewe. Ila vipimo vifanyike wiki hiyohiyo, kwa sababu TB haisubiri dua imalizike.

Uvimbe usiouma

Saratani ya tezi, limfoma, si ya kawaida kwa vijana. Naitaja kwa kuwa aina yake moja, Hodgkin, huwapata zaidi watu wa miaka ya 20 na 30, na kwa kuwa inatibika vizuri hata ikiwa imesambaa. Hujitokeza kama tezi ngumu, isiyouma, shingoni, juu ya mtulinga au kwapani. Jasho la kulowesha, homa zaidi ya 38 bila maambukizi, na kupungua zaidi ya asilimia kumi ya uzito ndani ya miezi sita, yaani kilo sita kwa mwenye kilo 60, huhesabiwa pamoja kama dalili zake. Ngozi inaweza kuwasha bila vipele.

Limfoma na TB ya tezi hufanana sana kwa macho. Kuna wagonjwa waliokunywa dawa za TB kwa miezi kabla ya tezi kuchukuliwa kinyama. Kama umeanzishiwa dawa kwa kuangaliwa tu, na hupati nafuu wala uzito haurudi, uliza waziwazi: je, kinyama kichukuliwe? Jibu likiwa saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road iko hapahapa jijini.

Unapokwenda kituoni

Kwa wiki mbili andika kwenye daftari: tarehe, joto la jioni kabla ya dawa yoyote, kama ulibadili nguo, siku ya hedhi, dawa na pombe. Pima uzito kila wiki kwenye mizani ileile. Usingoje wiki hizo mbili kama unakohoa damu, unaishiwa pumzi, shingo imekakamaa, umechanganyikiwa, au una homa ukiwa mjamzito au umetoka kujifungua.

Sema kwa sauti: "Nalowa jasho usiku mpaka nabadili nguo, nimejaribu kulala penye ubaridi." Vipimo vya kuanzia si vya anasa: UPT, malaria, VVU, picha kamili ya damu, mkojo, makohozi kama yapo, eksirei ya kifua. TSH, FSH na sukari hufuata kulingana na maelezo yako. Mwombe daktari akuguse shingo na kwapa. Uchunguzi huo hauna gharama na huachwa mara nyingi.

Kuna watakaokuta kila kipimo ni safi, uzito haujapungua, homa haipo. Hao hawahitaji dozi ya kubahatisha. Warudi baada ya mwezi mmoja au miwili kupimwa uzito na kukaguliwa tezi upya, na waende na daftari lilelile pamoja na majibu ya awali, ili daktari atakayekuwa zamu aendelee pale mwenzake alipoishia.